Apdeti haiuliwi, inapangiwa zamu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nipe njia ya kuua kabisa apdeti za Windows. Nimeweka bando ya wiki asubuhi, kufika mchana imekwisha, na hata YouTube sijafungua."

Mwenzangu, nakuelewa. Lakini hiyo njia sikupi.

Nilipoanza kuchapa kazi za watu nikiwa nyumbani, fundi mmoja wa mjini alinitoza elfu kumi kwa kazi hiyo hiyo. Aliingia kwenye orodha ya huduma za ndani, akaifunga ile ya Windows Update, akanirudishia kompyuta kwa mbwembwe zote. Hazikupita siku nyingi apdeti zikarudi. Nikamfuata, akasema ni virusi, toa elfu kumi nyingine. Virusi gani! Windows 10 ina huduma nyingine ya pembeni, kazi yake ni kuchungulia kama Windows Update ni nzima. Ikikuta imefungwa, inaifungua tena. Nilikuja kulisoma hilo mwenyewe, usiku, kwenye simu. Nilipomweleza, mbele ya wateja wake, akacheka na kuniuliza wanawake na kompyuta wapi na wapi. Sijasahau hadi leo. Siku hizi mdogo wake ananipigia mimi mashine yake ikigoma, na napokea, tena kwa sauti tamu.

Elfu kumi zangu ni kitu kidogo, lakini. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa apdeti ya kuziba tundu moja kwenye Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu lile lile, kikaingia kwenye kompyuta ambazo hazikuwa zimezibwa katika nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili na kudai fidia kwa bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni. Uingereza kuna hospitali zilizoahirisha miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwepo karibu miezi miwili! Sasa wewe na mimi tunaotaka kula kwa kompyuta, tuliobeba tasnifu na mikataba ya watu humo ndani, tutamwambia nini mteja?

Kwa hiyo usiizime. Ipangie zamu.

Kinachokula bando yako ni hiki: ukiwasha hotspoti ya simu, mara nyingi kompyuta inaona Wi-Fi tu, haijui kama unalipia kila MB. Iambie. Fungua mipangilio, nenda kwenye mtandao, bonyeza jina la hotspoti yako, kisha washa palipoandikwa "Metered connection". Hapo sehemu kubwa ya apdeti haitajipakua mpaka uiruhusu. Mpangilio huu unakaa na jina la mtandao husika. Ukibadilisha simu, au mtoto akiibatiza hotspoti jina jipya, unaanza upya. Watu wengi wanaoniambia "nilifanya ikakataa" wamekwama hapo hapo.

Baada ya hapo chagua usiku wako. Apdeti kuu za usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu huwa ni saa mbili au saa tatu usiku. Mimi huziacha siku kadhaa kwanza, wenye haraka wazijaribu, kisha nanunua bando ya usiku na kuzishusha zote kwa mkupuo. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia umeme ukikatika, usiiguse siku ambayo umeme unachezacheza. Kukatika katikati ya apdeti kunaweza kukuachia Windows isiyowaka.

Ile ya kujizima na kujiwasha ukiwa kazini ina dawa yake, "Active hours", yaani saa unazoiambia isijiwashe upya. Unaweza kuitengea hadi saa 18 kwa siku. Mimi nimeijaza yote 18, maana mtu anayetafuta maisha hana saa za ofisi. Na ukiwa na kazi ya haraka kuna kitufe cha kusitisha apdeti kwa muda, hadi wiki tano. Muda ukiisha utazishusha tu, upende usipende, ndipo uweze kusitisha tena.

Mtaniuliza kuhusu Windows 10, najua. Msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft ikatoa nyongeza ya apdeti za usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, ila ni kwa waliojiandikisha. Mlango wa kujiandikisha uko kwenye ukurasa ule ule wa Windows Update. Kwa hiyo ukiona mashine yako imetulia muda mrefu haiombi chochote, usishangilie bando. Ingia kwenye ukurasa huo leo uone inasema nini.