Binti aliyeniuliza kama aolewe na wakili asiyedai hela

Juzi nimetoka zamu ya usiku nakuta meseji ya binti mmoja nesi, nimeisoma mara tatu. Mchumba wake ni wakili, kijana mzuri tu, ila nusu ya wateja wake hawalipi kitu, wajane wa mashamba, vijana waliokamatwa, na mama yake kamwambia utakufa njaa na huyo. Ananiuliza mimi kwa sababu mzee wangu ni wakili, mimi ni nesi, na tuna miaka 31 ya ndoa.

Mdogo wangu, kwanza ujue hamjaanza nyie. Sisi wa Morogoro tunaijua Mazimbu, wapigania uhuru wa Afrika Kusini walijenga shule yao pale, na kila nikipita namkumbuka Adelaide Tambo kuliko hata mumewe Oliver, aliyekuwa kiongozi wao. Oliver alikuwa wakili, 1952 alifungua ofisi na Mandela kule Johannesburg, wateja wakajaa mpaka kwenye ngazi. Adelaide nesi. Desemba 1956 Oliver akakamatwa kwa kesi ya uhaini, harusi iko mlangoni, na wakaoana mwezi huohuo. 1960 wakaenda uhamishoni, mume akawa mtu wa safari, leo Dar, kesho Lusaka, mke yuko London na watoto watatu anapiga zamu za unesi ili nyumba isimame, miaka 30 hiyo! Leo uwanja wa ndege wa Johannesburg una jina la Oliver, na anastahili kabisa, ila mimi huwa najiuliza hela ya mkate ilitoka wapi asubuhi ile ambayo baba yuko angani.

Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Mwaka 2009 binti yetu yuko kidato cha pili, bweni. Mzee kaenda Kilosa wiki nzima kwenye kesi ya mama mmoja aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake baada ya mume kufa. Nauli kajilipia, na pa kulala pa mama yule kalipa yeye. Narudi asubuhi kutoka leba, miguu imevimba, namkuta mwanangu amekaa juu ya tranka lake mlangoni, karudishwa ada. Hakulia. Aliniambia tu, "Mama, usimwambie baba, atajisikia vibaya." Mpaka leo nikikumbuka koo linakaba.

Mzee aliporudi sikumuuliza habari za kesi. Kashinda, mama kapata ekari zake tatu, akatuletea kuku kafungwa miguu kwa kamba ya katani, na mimi nikamchinja yule kuku nikiwa nimenuna. Usiku ndio nikasema yote. Kwamba wewe unasifiwa wilaya nzima kwa kusaidia bure, lakini bure hiyo ninailipa mimi kwa zamu za usiku na hakuna anayejua. Alinyamaza muda mrefu, halafu akachukua kauntabuku ya mtoto akaandika jina la yule mama, siku alizotumia, nauli, na pembeni akaandika jina langu.

Hiyo kauntabuku ndio imetuvusha. Kila Jumapili tunakaa nayo, kesi za bure tatu kwa mwezi, ya nne tunaijadili wote wawili, na ada inatoka kabla ya kitu chochote. Na mimi nikaacha kumuonea wivu, nikaingia. Siku hizi Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunaenda kijijini pamoja, mimi napima presha chini ya mwembe, yeye anafundisha watu kuandika wosia, na najivunia sana, sitaficha.

Kwa hiyo wanawake wenzangu acheni kunyamaza mkidhani ndio uvumilivu, semeni mapema, semeni na hesabu mkononi. Na nyie waume mnaosaidia jamii, ulizeni nyumbani nani analipa.

Wewe mdogo wangu usimuache. Mwambie akuonyeshe orodha ya watu anaowatetea bure mwezi huu, mkae nayo mezani wawili, na hapo bado mahari haijapokelewa.