Uliza Mwalimu: "Nimefika sin² = sin², mbona nimekatwa maksi?"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Kidato cha Tano, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), hapa Iringa. Kwenye jaribio tuliambiwa tuthibitishe kwamba (1 − cos θ)/sin θ = sin θ/(1 + cos θ). Nikazidisha ya juu ya upande huu kwa ya chini ya upande ule, nikapata (1 − cos θ)(1 + cos θ) = sin²θ, halafu 1 − cos²θ = sin²θ, mwisho sin²θ = sin²θ. Nikaandika "imethibitishwa". Nimepewa maksi 1 kati ya 4! Hata nikiweka 30°, 45° na 60° inakubali. Kosa langu liko wapi? Na hizi identiti, yaani milinganyo iliyo kweli kwa kila pembe, zina kazi gani nje ya mtihani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Aljebra yako haina kosa hata moja, na maksi zako zimekatwa kwa haki. Uliambiwa uoneshe kwamba pande mbili ni sawa. Wewe, mstari wa kwanza tu, umeshaziwekea alama ya sawasawa katikati na kuanza kuitumia. Umemchukua mshitakiwa ukamfanya shahidi wa kesi yake mwenyewe.

Najua utabisha: "Lakini Mwalimu, mwisho nimefika kwenye ukweli." Haya, tuchukue uongo wa wazi: cos θ = −cos θ. Kwa 60° hapo tunasema nusu ni sawa na hasi nusu. Sasa pandisha kila upande kwenye kipeo cha pili: cos²θ = cos²θ. Ukweli mtupu, na umezaliwa na uongo! Kwa hiyo kufika kwenye ukweli hakutuambii lolote kuhusu pale ulipoanzia.

Dawa ni kushika upande mmoja tu na kuubadilisha hatua kwa hatua mpaka ufanane na mwenzake. Chukua wa kushoto, (1 − cos θ)/sin θ. Upande wa kulia una 1 + cos θ chini, nasi hatuna. Basi tuilete wenyewe: zidisha juu na chini kwa (1 + cos θ). Juu inakuwa 1 − cos²θ, yaani sin²θ. Chini inakuwa sin θ(1 + cos θ). Kata sin θ moja juu na moja chini, inabaki sin θ/(1 + cos θ). Kwisha kazi.

Umeona lakini? Ni hesabu ileile uliyoifanya, ila imepangwa upya. Kwa hiyo usiache kabisa ile njia yako. Ifanye kwenye karatasi ya pembeni, ikuoneshe kipi kinahitajika, kisha andika jibu safi ukienda upande mmoja kuelekea mwingine.

Wengi huniuliza waanzie upande upi. Mimi huanza na upande wenye fujo, kwa sababu kupunguza vitu ni rahisi kuliko kubuni vya kuongeza. Wengine hufundishwa wageuze kila kitu kuwa sin na cos kabla ya lolote. Mara nyingi inasaidia, ila isiwe sala. Ukikuta sec²θ − tan²θ halafu ukaanza kuigeuza, umejitafutia kazi bure. Hiyo ni 1, basi.

Mahali ninapowaona wanafunzi wakipotea hasa ni kwenye kujumlisha sehemu. Chukua hii:

(1 − cos θ)/sin θ + sin θ/(1 − cos θ) = 2 cosec θ

Asili ya pamoja ni sin θ(1 − cos θ). Juu unapata (1 − cos θ)² + sin²θ. Hapo mwanafunzi mwenye haraka anafungua mabano yote, ya juu na ya chini. Usiguse ya chini! Fungua ya juu peke yake: 1 − 2cos θ + cos²θ + sin²θ. Hizo mbili za mwisho zinaungana kuwa 1, unabaki na 2 − 2cos θ, yaani 2(1 − cos θ). Na chini (1 − cos θ) bado imekaa kwenye mabano yake inakungoja. Zikate, inabaki 2/sin θ, yaani 2 cosec θ. Aliyefungua chini ana sin θ − sin θ cos θ na haoni tena cha kukata. Kinachofuata hapo ni uchakachuaji: alama ya kutoa inageuka ya kujumlisha kati ya mstari wa tatu na wa nne, na jibu "linatoka". Msahihishaji anauona huo mstari kabla hajaona jina la shule yako.

Kuhusu 30°, 45° na 60°: jaribu sin 2θ = cos θ. Kwa 30° inakubali, kwa 90° inakubali, hata kwa 150° inakubali. Weka 45°: kushoto 1, kulia kama 0.707. Pembe zikikubali hazijathibitisha kitu, ila moja ikikataa imemaliza ubishi. Ndiyo maana nikishuku swali limechapwa vibaya, kabla ya kuhangaika nalo naweka 37° kwenye kikokotoo. Usijaribie 0° wala 90°. Huko mara nyingi unakuta unagawa kwa sifuri, na identiti inadai usawa pale tu pande zote mbili zina maana.

Kazi yake? Kidato cha Sita utaombwa intigro ya sin²x, na bila sin²x = (1 − cos 2x)/2 hutoki. Fomula hiyohiyo iko kwenye balbu ya nyuzi inayokumulikia: umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na nguvu inayoingia kwenye balbu inafuata sin². Ile 2x inakwambia nguvu hiyo inapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Nao wanaastronomia wa karne ya 16, akina Tycho Brahe, walitumia identiti kugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, kabla Napier, aliyebuni logi, hajazichapisha mwaka 1614.

SWALI: Mwalimu, binti yangu amebandika ukutani fomula karibu 30 za trigonometria anazikariri usiku. Ni lazima? Mzazi, Tanga.

JIBU: Hapana, Mzazi. Abaki na tatu: sin²θ + cos²θ = 1, ya sin(A + B) na ya cos(A + B). Ile ya kwanza akiigawa yote kwa cos²θ anapata 1 + tan²θ = sec²θ; akigawa kwa sin²θ, ya cot na cosec. Kwenye zile za sin(A + B) na cos(A + B), B akiifanya A, anapata za pembe maradufu. Akiifanya −B, za kutoa. Mpe karatasi tupu azitoe zote mwenyewe, kisha ajaribu hii: cos θ/(1 − sin θ) = sec θ + tan θ. Aanze kulia. Na ile karatasi ya ukutani aibandue kesho asubuhi, usiku huu alale.