Spika ndefu katika nyumba zetu: maswali yenu na majibu yangu

Huu ni mwaka wangu wa 18 naishi na spika za kusimama, zile ndefu zinazomfika mtu mzima kiunoni. Miaka ya mwanzo nilikuwa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye nyumba ya mawe. Sasa nipo Fuoni, nyumba ya matofali na bati. Jozi ni ile ile, lakini aliyezisikia kule akaja kuzisikia huku hataki kuamini. Maswali yenu ya safari hii nayo yanarudi pale pale: chumba tunachoziweka, na hewa yetu hii ya chumvi na unyevu. Nimeanza na lile lililonigusa zaidi.

Msomaji wa Michenzani anauliza: "Nimeuza sabufa nikanunua spika ndefu mbili. Wote waliniahidi besi nzuri. Badala yake sebule nzima inavuma na maneno ya mwimbaji siyasikii. Nimeuziwa kitu kibovu?"

Sidhani, ndugu yangu. Nadhani umeziweka kwenye pembe, moja kulia na moja kushoto mwa kabati la televisheni, migongo imegusa ukuta. Karibu kila sebule ya fleti niliyoingia ziko hivyo, kwa sababu ndipo penye nafasi. Lakini besi haitoki mbele ya spika peke yake. Inaizunguka spika pande zote. Ikikuta ukuta mgongoni inarudi na kujiongeza, ikikuta na ukuta wa ubavuni inajiongeza tena. Kila ukuta ulio karibu unaweza kukuzidishia hadi desibeli 6 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti). Spika iliyo kwenye pembe ina ukuta wa nyuma, ukuta wa pembeni na sakafu, vyote vinaitilia besi ambayo aliyeitengeneza hakuikusudia.

Halafu chumba chenyewe kina noti yake. Katika joto letu sauti inakwenda karibu mita 347 kwa sekunde, na chumba chenye upana wa mita 3 kinaitikia kwa nguvu mitikisiko karibu 58 kwa sekunde. Ala ya besi ya taarab inapita kwenye noti hiyo mara kwa mara. Kila ikipita, chumba kinaipokea na kuishikilia, na sauti ya mwimbaji inafunikwa.

Zivute mbele. Anza na shibiri tatu kutoka ukuta wa nyuma, na ubavuni zisipungue mbili. Chagua wimbo mmoja unaoujua kwa moyo, uucheze huo huo, na kila mara usogeze nusu shibiri tu. Kule Mkunazini chumba changu kilikuwa chembamba na kirefu, kama vyumba vingi vya Mji Mkongwe, maana waashi wa zamani walifuata urefu wa boriti za mikoko. Usiku mmoja baada ya sala ya isha nilikaa peke yangu na kipande cha chaki. Nasogeza, natia alama sakafuni, narudi kukaa, nasikiliza. Alama ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, besi imepungua lakini kanuni, ile ala ya taarab ya nyuzi nyingi, bado imeganda ndani ya spika ya kushoto. Ya tatu, ile kanuni ikatoka. Ikawa iko katikati ya chumba, mahali pasipo na kitu, naisikia kidole kwa kidole, na fidla zimejipanga nyuma yake. Niliurudia wimbo ule mpaka usingizi ukanishinda. Sikuwa nimetumia hata shilingi moja.

Kama fleti hairuhusu kuzivuta, chukua soksi safi, ikunje, uizibe nayo tundu la besi lililo nyuma ya spika. Mvumo utapungua. Usidanganywe kwamba zulia litakuondolea mvumo huo. Zulia, mapazia mazito na makochi ya kitambaa yanatuliza sauti nyembamba zinazorukaruka kwenye vigae, na kwa hilo yanafaa sana. Besi inapita juu yake kama haikuyaona.

Kutoka Wete, Pemba: "Shemeji alinletea spika kutoka Maskati. Zilipiga vizuri miaka minne, sasa wufa moja inakwaruza. Fundi anasema imeungua, ninunue nyingine."

Subiri kwanza. Wufa ni ile spika kubwa ya besi iliyo ndani ya boksi, na koni ni lile bakuli lake linalocheza. Vua kile kitambaa cha mbele, mchana penye mwanga, uiangalie ile duara laini inayoishika koni ukingoni. Yangu nilipoigusa, mwaka wa saba, iliingia kidole. Haikuchanika, ilimong'onyoka kama majivu ya udi, ikabaki unga mweusi kwenye ncha ya kidole. Nilidhani nimeiharibu mimi kwa sauti kubwa. Sivyo. Duara ile ilikuwa ya sponji, na sponji ya namna ile huvunjwa na unyevu wa hewa. Inaoza hata spika ikiwa imekaa kimya ndani ya boksi. Katika nchi kavu na baridi inaweza kufika miaka 15 au 20. Kwetu, masika kwa masika, usiihesabie hivyo. Duara ya mpira ndiyo inayostahimili hewa yetu, na sasa sinunui spika isiyo na mpira.

Kujua kama imeungua kweli, weka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni, karibu na katikati, uisukume ndani taratibu na sawasawa. Ikiteleza kimya, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, haijagusana na sumaku na huenda ni nzima. Ikikwaruza kama mchanga, au ukinusa harufu ya waya ulioungua, hapo fundi ana hoja. Ikiwa ni sponji tu, duara mpya zinauzwa jozi jozi, kwa kipimo. Pima kipenyo cha koni na cha fremu kabla ya kuagiza. Inabanduliwa ya zamani, inasafishwa gundi yote, inagandishwa mpya, inaachwa siku nzima, na koili lazima ikae katikati kabisa. Fundi wangu wa mwanzo hakuwa na subira hiyo. Alinibandikia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vigumu, na koni ikashindwa kucheza. Spika ilipiga, lakini besi yote ilikuwa imeondoka, na ilinibidi nibandue tena kwa wembe, jioni tatu. Mwambie fundi wako mapema kwamba unataka duara ya kipimo, na utamsubiri.

Msomaji wa Bububu: "Amplifaya yangu ina wati 50, spika zimeandikwa wati 150. Nikiongeza sauti nitaiunguza ipi?"

Zile 150 ni kiasi ambacho spika inavumilia. Haidai zote. Wati 50 za kweli zinatosha sebule yoyote hapa. Hatari ni kuikamua amplifaya mpaka mwisho. Ikishindwa, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na kile kinachotoka kinakwenda kuichoma twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo waya wake ni mwembamba kama unywele. Twita nyingi zimekufa kwa amplifaya ndogo iliyolazimishwa arusini. Ukisikia sauti imeanza kuwa kali na kuchoma masikio, rudisha nyuma pale pale.

Angalia pia namba mbili nyuma ya spika. Ya kwanza ni omu, kipimo cha ukinzani wa umeme: zikiwa 4, hakikisha amplifaya imeandikwa kwamba inaweza 4, la sivyo itachemka. Ya pili ni desibeli zinazotoka kwa wati 1 ukiwa mita 1. Spika ya 89 inahitaji nusu tu ya nguvu za spika ya 86 ili zipige sawa. Watu wanauliza wati, hii hawaiulizi.

Bi mmoja wa Mbweni anaandika: "Mume wangu kaleta minara miwili sebuleni. Watoto wanaisukuma, na mimi nikipiga deki naogopa. Hebu tuambie ukweli, ni lazima ziwe ndefu hivi?"

Si lazima, Bi. Spika ndogo juu ya stendi nzuri zinampa mwimbaji haki yake yote. Urefu unawapa nafasi ya kutia wufa mbili na boksi kubwa, ndiyo wapate besi ya chini bila sabufa. Kama bwana anapenda besi ya taarab au ngoma, nimemuelewa. Lakini watoto ni jambo la kweli. Spika ya kilo 20 yenye kitako chembamba ikimuangukia mtoto wa miaka miwili ni hatari kubwa. Mwambie afunge vile vitako vipana vinavyokuja kwenye boksi, watu wengi wanaviacha humo humo, na atie kamba fupi ya nailoni kutoka mgongo wa spika hadi skrubu ya ukutani. Kamba haionekani na haiharibu sauti.

Na deki, umeuliza la maana kuliko unavyodhani. Boksi za spika nyingi ni mbao za unga uliogandishwa. Zikinywa maji kwa chini zinavimba na ngozi yake inabanduka, na hazirudi tena. Zinyanyuliwe kwa miguu ya mpira au ile miiba ya chuma, na chini ya mwiba iwekwe sarafu ili vigae visitobolewe. Hapo pembeni ukamue kitambaa vizuri badala ya kumwaga maji. Huu ulinzi unakuhusu wewe zaidi ya mumeo, kwani yeye hapigi deki.

Chake Chake: "Nimekuta manyigu wamejenga kiota cha udongo ndani ya tundu la besi."

Kwangu walikuwa mende, na mara moja mjusi. Kata kipande cha chandarua cha zamani, ukinyooshe juu ya tundu, ukifunge kwa mpira wa mkononi. Hewa inapita, wadudu hawapiti. Kiota kitoe kwa kijiti huku spika umeilaza tundu likitazama chini, udongo usije ukaingia kwenye wufa.

Msomaji wa Jambiani anasema nyumba iko hatua chache na pwani, na kila miezi michache spika moja inakatakata sauti.

Fungua nati za nyuma utaona kijani kwenye shaba. Ni chumvi. Kata ncha ya waya, menya upya mpaka uone shaba inayong'aa, sugua nati kwa msasa laini, ukaze. Fanya hivyo kila mwaka kabla ya masika. Waya uwe mnene, wa milimita mraba 2.5, saizi ile mafundi umeme wanayotia kwenye soketi, lakini ule wa nyuzi nyingi laini. Huna haja ya waya wa bei ya ng'ombe.

La mwisho ni kijana wa Kwamtipura: "Nataka kununua za mtumba, zimetoka Ulaya. Nizijaribu vipi dukani, nisije nikalia nyumbani?"

Nenda na taarab yako kwenye simu, rikodi safi ya okestra kamili, si ile iliyobanwa ikasambazwa mara elfu. Santuri za kale nazo ziache nyumbani. Siti binti Saad alirikodi Bombay mwaka 1928, na rikodi za enzi zile nazipenda mno, lakini besi ya chini haimo humo, kwa hiyo hazitakwambia wufa ina hali gani. Chukua wimbo wenye ala ya besi. Waya wake mnene kabisa unatikisika mara 41 kwa sekunde, na hapo ndipo spika ndefu inapotengana na ndogo: noti ya chini isikike kama noti, yenye mwanzo na mwisho, isiwe ngurumo tu. Kisha tafuta sauti ya Bi Kidude. Ule mkwaruzo wake ukigeuka laini na mtamu, spika inakuficha kitu. Mwisho sikiliza kanuni na rika, ile tari ndogo yenye vibati, uhamishe sauti kushoto kabisa kisha kulia kabisa. Upande mmoja ukififia, twita imekufa.

Beba na betri ndogo ya volti 1.5, na kipande cha waya. Gusisha kwa sekunde moja tu, chanya kwa chanya, uangalie wufa. Ikiruka mbele, imefungwa sawa. Ikirudi nyuma, kuna fundi aliyeifungua akageuza waya. Spika mbili zikienda kinyume, besi inapotea na mwimbaji hakai katikati, na muuzaji atakwambia ni chumba. Bonyeza duara zote kwa kidole kama nilivyomweleza msomaji wa Wete. Ukikuta unga mweusi, toa gharama ya duara mpya kwenye bei kabla hujatoa pesa. Na zichukuliwe zote mbili siku hiyo hiyo, namba za nyuma zifanane, usikubali kuambiwa ya pili iko ghalani.