Jibu: Mmea wa maua meupe yanayofunguka jioni, Lindi
Salaam, ndugu. Umeuliza kama mmea uliojiotea uani kwako, wenye maua meupe marefu yanayofunguka jioni, ni mnanaha, na kama unafaa kubaki penye watoto. Tazama kwanza tunda: likiwa la mviringo lenye miiba, na maua yakielekea juu, basi ni mnanaha, mmea wenye sumu; lakini maua yakining'inia kwenye mti wa shina gumu, na tunda halina miiba, ni mmea wa jamaa hiyo hiyo, wenye sumu vilevile. Sumu imo katika kila sehemu, mbegu zikiwamo, kwa hiyo mimi hapa Mtwara huung'oa kwa glavu kabla tunda halijapasuka. Mtoto akiula mmea huo, usisubiri mboni zipanuke au aanze kuweweseka. Mkimbize hospitali pamoja na kipande cha mmea.