Kwa anayeanza kazi ya kufuatilia waliotangamana na mgonjwa

Ukikabidhiwa simu na fomu siku ya kwanza, utadhani kazi ni kujaza majina. Nilidhani hivyo Mombasa mwaka 2020, corona ilipoingia Kenya mwezi Machi. Majina hayatoki mpaka mtu akuamini.

Usimuulize mgonjwa, "Jumanne ulikutana na nani?" Atakwambia hakukutana na mtu. Muulize baada ya Alasiri alikaa baraza gani, nani alimmiminia kahawa, feri ya Likoni alivuka na nani. Anzia siku 2 kabla ya dalili, maana corona huambukiza kabla mtu hajajijua kuwa anaumwa. Wengi wanaoanza kazi huziruka siku hizo.

Mama mmoja muuza mahamri alisimama mlangoni akaniambia, "Mwanangu, ukitaja jina langu, kesho nani atanunua mahamri yangu?" Nikamwahidi sitamtaja. Wateja wake niliwaambia tu kuwa walikaa karibu na mtu aliyeambukizwa. Watakuuliza ni nani, watakutajia majina huku wakikusoma uso. Usitikise hata kichwa. Yule mama alinipa majina 11, na jioni akapiga simu kuongeza mawili aliyoyasahau.

Mtaa wa pili timu ilifika na gari la king'ora na mavazi meupe. Kesho yake simu zote zilikuwa zimezimwa. Heri uende kwa miguu na barakoa yako, uongozane na mhudumu wa afya wa mtaa huo, mzungumzie nje penye hewa. Yeye ndiye ajuaye mlango upi ubishwe kwanza.

Wakati ule karantini ilikuwa siku 14. Zinahesabiwa tangu siku ya mwisho waliyokutana, si tangu siku uliyompigia simu. Nimeona kibarua wa bandarini akikaa ndani siku 19 kwa kosa hilo, bila ujira, na bado linaniuma.

Kila asubuhi ukipiga simu, uliza kwanza wamekula nini, ndipo uulize homa na kikohozi. Mwanzoni waliowekwa karantini ya lazima walitakiwa kujilipia, hadi serikali ilipobeba gharama Mei 2020, na watu walijificha. Asiye na unga atatoka tu, wala si ukaidi. Jua mapema ni msikiti gani, kanisa gani, chama gani cha akina mama kinachogawa chakula, na namba zao uziandike kwenye daftari lilelile la majina.