Vigae vya nani, au vigae vya nini?

Msomaji wetu wa Mwanjelwa, Mbeya, anaandika: "Shikamoo mwalimu. Mbele ya jengo jipya hapa kwetu mafundi wanatandika vigae vya njano vyenye vinundu. Wao wanaviita vigae vya vipofu, mimi nasema ni vigae vya walemavu wa macho. Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Hakuna aliye sahihi. Mmebishania mtumiaji, kitu chenyewe mkakisahau. Tabia hii inaniudhi kwelikweli: kitu kikishamfaa mwenye ulemavu, basi kinabandikwa jina lake na kazi yake haitajwi tena. Choo cha walemavu, mlango wa walemavu, sasa vigae vya vipofu! Mbona taa za barabarani hatuziiti taa za wanaoona?

Jina hilo lina madhara. Fundi akiambiwa aweke "vigae vya vipofu" ataweka vyovyote, popote. Kumbe viko vya aina mbili, na kila aina ina neno lake. Chenye vinundu vya duara kinasema simama, mbele kuna barabara, ngazi au ukingo. Chenye miinuko mirefu iliyolala sambamba kinasema fuata huku. Asiyeona huvisoma kwa fimbo nyeupe na kwa soli ya kiatu. Ukimpangia miinuko inayoelekea barabara kuu ya Tanzam, kisha mwishoni usiweke vinundu, umemkabidhi kwa malori. Na mwenye biashara akishaamini vigae ni vya vipofu, siku asipomwona kipofu atapanga ndoo zake za parachichi juu ya vigae hivyo bila wasiwasi wowote.

Kigae asili yake ni kipande cha chungu kilichovunjika. Baadaye kikapanda paani, kikashuka sakafuni. Hivi vya vinundu alivibuni Mjapani, Seiichi Miyake, mwaka 1965, vikatandikwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona. Unjano huwasaidia wenye uoni hafifu, ambao jina la "vigae vya vipofu" limewasahau kabisa.

Kwa jumla viite vigae elekezi. Neno elekezi tumeshalizoea kwenye bei. Ukitaka kubainisha, sema vigae vya vinundu na vigae vya miinuko. Mtu mwenyewe mwite asiyeona, au mwenye ulemavu wa kuona, maana macho anayo, kilichopungua ni kuona. Kisha rudi kwa mafundi hao uwaulize vinundu wameviweka wapi.