Kabla ya KDS, mwache mtoto auone ukubwa wa sehemu

Muulize mtoto wa darasa la nne, kati ya 1/8 na 1/5 ipi ni kubwa. Wengi watakujibu 1/8 bila kusita, kwa kuwa 8 inaizidi 5. Jibu hilo nalisikia sana jioni ninapokaa na watoto wa mtaani kwetu Kizota na madaftari yao. Ajabu ni kwamba hao hao ukiwaambia watafute kigawe kidogo cha shirika (KDS) cha 8 na 5, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili, wanakuandikia 40 papo hapo. Kukokotoa wanaweza, ukubwa wa sehemu yenyewe ndio hawajauona. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, anzia hapo, KDS itafuata.

Mimi natumia ndoo ya lita 20, ile nyeupe inayoonyesha maji kwa nje, na chupa ya lita moja. Tunamimina chupa moja moja, na kila moja tunachora mstari kwa kalamu hadi lita 20 zitimie. Kisha upande wa kushoto tunaigawa ndoo mara 8, kila kipande lita mbili na nusu. Kulia tunaigawa mara 5, kila kipande lita 4. Hapo hakuna tena ubishi kuhusu 1/8 na 1/5. (Maji hayo msiyamwage, kwa ukame wetu wa Dodoma, mche wowote uani utayashukuru.)

Sasa mpe swali gumu kidogo: 3/5 na 5/8. Akihesabu vipande vitatu vya kulia anafika lita 12. Vitano vya kushoto vinamfikisha lita 12 na nusu. Zimepishana nusu lita tu, na kama yangekuwa mafuta ya alizeti, hiyo nusu lita ingegombaniwa. Ndipo unamletea KDS: 3/5 ni sawa na 24/40, na 5/8 ni sawa na 25/40. Hiyo 1/40 iliyozidi ndiyo nusu lita aliyoiona kwa macho.

Ndoo hiyo hiyo inalinasa kosa linalowaponza wengi, la kubadili asili (namba ya chini) na kukiacha kiasi (namba ya juu) vilevile. Akiandika 3/40 mahali pa 3/5, mwambie aionyeshe kwenye ndoo. Ataona lita 12 zimegeuka lita moja na nusu, na mwenyewe atarudi kuzidisha juu na chini.

Akishazoea, mfundishe kutazama kabla ya kukokotoa. 4/9 na 5/8 hazihitaji KDS: ya kwanza haijafika nusu, ya pili imepita nusu. Zenye kiasi kimoja, kama 3/7 na 3/8, yenye asili ndogo ndiyo kubwa. Njia ninayoipenda kuliko zote ni kuuliza kila sehemu imebakiza nini kufikia nzima. Chukua 3/4, 2/3 na 5/6. Zimebakiza 1/4, 1/3 na 1/6. Iliyobakiza kidogo ndiyo kubwa, basi kuanzia ndogo ni 2/3, 3/4, 5/6. Ukiongeza 7/12, KDS yao ni 12, na zinakuwa 9/12, 8/12, 10/12 na 7/12. Ile 7/12 inatangulia mbele ya wote.

Kwa sehemu mbili zinazokaribiana sana, kama 3/7 na 4/9, azidishe kiasi cha kila moja kwa asili ya mwenzake: 3 mara 9 ni 27, 4 mara 7 ni 28. Kila jibu aliandike juu ya sehemu iliyotoa kiasi, asije akayachanganya. 4/9 ni kubwa.

Na kwenye mtihani, jibu liandikwe kwa sehemu zile zile zilizoulizwa: 7/12, 2/3, 3/4, 5/6. Zile za asili 12 zibaki kwenye nafasi ya kufanyia kazi.